Mtani wa Kampuni ya Dawa

Gelasius alikuwa hajamaliza supu yake ya makongoro, pale kwa mama lishe jirani na stesheni ya Mpanda, alipoiona fursa inaingia imevaa tai. Fursa yenyewe ilikuwa binti anayeitwa Agape. Alikuwa anaburuta begi jeusi la magurudumu, viatu vimejaa vumbi, na uso wa mtu aliyeachishwa kazi kabla ya chai. Aliagiza maji ya kunywa tu. Gelasius akamwagizia supu, kwa sababu mtu mwenye huzuni na njaa hasemi vizuri, na yeye alitaka kusikia.

Kumbe Agape alikuwa mzungukaji wa dawa. Alipita duka hadi duka, zahanati hadi zahanati, anawashawishi wenye maduka waagize vidonge vya kampuni moja kubwa, anawagawia kalenda na kalamu.

“Kwa hiyo kampuni ya dawa imekufukuza,” Gelasius akasema kwa upole.

“Kampuni ya dawa hainijui, baba. Mimi niliajiriwa na kampuni iliyokodiwa na kampuni iliyokodiwa na kampuni ya dawa. Hiyo ya katikati imetolewa. Nimeletewa ujumbe kwenye simu.”

“Na kazi ya kuuza dawa ataifanya nani?”

“Watakodi wengine.”

“Sasa wenye dawa wenyewe wanafanya nini?”

Agape akafikiri kidogo. “Wanakaa,” akasema.

Gelasius akaweka kijiko chini. Tangu ujana wake alikuwa anaishi kwa ulimi, na miaka yote hiyo alijiona mnyonge mbele ya watu wenye vyeti. Alikuwa ameuza viwanja vilivyo katikati ya mto, ameuza tiketi za treni isiyokuja, ameuza hata nafasi ya mbele kwenye foleni ambayo hakuwamo. Lakini kuuza kazi ya kuuza! Hilo halikuwahi kumjia. Na kumbe watu wa maghorofa wanalifanya mchana kweupe, na wanalilipia kodi. Alijisikia kama mganga wa kijijini aliyeambiwa kwamba mizizi yake inafundishwa chuo kikuu.

Agape alipopanda treni ya Tabora jioni ile, nauli ilitoka kwa Gelasius, na begi lilibaki kwa Gelasius, pamoja na tai za akiba, kalenda na kalamu zake zote. Tuseme ukweli, binti yule ndiye mtu pekee katika habari hii aliyefanya biashara ya haki.

Tumjue kidogo huyu bwana. Gelasius alikuwa Mfipa wa Laela, mtu mzima, sauti nzito ya kanisani, na magoti yaliyoanza kulalamika. Magoti ndiyo yaliyomfanya afikirie kustaafu. Katika kazi yake, siku moja lazima ukimbie, na mtu mzima kukimbia mbele za watu ni aibu hata kama hashikwi. Alitaka jambo moja tu: mashine ya kukoboa nafaka, pale kwao Laela, akae kivulini, watu waje wenyewe na magunia yao. Akiba yake yote aliyoikusanya alikuwa nayo. Ilifika nusu ya mashine. Akasema moyoni: mchezo mmoja wa mwisho, halafu narudi nyumbani kuwa mtu mwema, ratiba ikiruhusu.

Tena alikuwa na msimamo, msimdharau. Dawa bandia hakuwahi kugusa. Dawa bandia inaua watu. Yeye angeuza kazi ya kuuza dawa, na kazi isiyokuwepo haijawahi kumdhuru mgonjwa.

Mahali alipopachagua ni Majimoto. Mavuno yalikuwa yamekwisha, mashine zinakoboa mpunga mchana kutwa, na mchele mweupe umejaa maghalani unangoja bei ipande. Watu wenye mali inayongoja huwa na muda wa kusikiliza. Shida ilikuwa moja: mgeni mwenye tai, asiye na ndugu pale, nani atamwamini? Alihitaji mdhamini. Na mdhamini asiyeuliza maswali ni mtani.

Hapo ndipo Gelasius alipojiona ana akili kuliko siku zote. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za babu zao, enzi za misafara ya kwenda pwani. Wakikutana wanatukanana, wananyang'anyana kofia, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Majimoto imejaa Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, lakini Mzaramo utamtafuta kwa tochi. Nani atakuja kuhakiki? Basi alipoteremka mnadani siku ya gulio hakuwa Gelasius tena. Alikuwa Bwana Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, mwakilishi wa kampuni ya dawa.

Mtu wa kwanza kumsalimia alikuwa Luhende, mfugaji mwenye majaruba mengi ya mpunga, kofia kubwa, simu mbili, na ghala la bati linaloonekana kutoka barabarani.

“Mwangaluka, mgeni! Watokea wapi?”

“Kisarawe. Mimi Mzaramo.”

Luhende alitoa macho, kisha akacheka mpaka ng'ombe wa mnadani wakageuka. “Mzaramo! Jamani njooni muone! Afadhali simba wa mbugani huku, yeye akila ng'ombe mmoja anashiba. Twende nyumbani, mtani, kabla hujauza mnada wetu ukachezee ngoma!”

Gelasius akacheka naye, akamfuata. Mambo yalikuwa yanakwenda kwa urahisi mpaka akamwonea huruma mwenyeji wake.

Walipofika, Gelasius akainua mguu avuke kizingiti. Luhende akamzuia kwa fimbo, uso mkavu kabisa.

“Mtani, umesahau? Mzaramo kwa mtani wake haingii uso mbele. Huingia kinyumenyume.”

Gelasius akasita kidogo. Alikuwa hajui hata mila moja ya Kizaramo, lakini mtu wa kazi yake hapingi, hujifanya alijua tangu zamani. “Aisee, safari imenichosha mpaka nasahau kwetu,” akasema. Akageuka, akaingia kinyumenyume, begi mbele, akakanyaga kuku mlangoni, akaomba radhi kwa kuku.

Luhende alimtazama kwa muda. Halafu akamkaribisha chai.

Siku chache baadaye mkutano ukafanyika uani kwa Luhende. Walikuja wakulima wa mpunga, wafugaji, wenye maduka, na Callixte, mwanamume wa Litapunga, upande wa Nsimbo, mwenye asili ya Burundi, mkulima anayefanya pia biashara ya mchele kwa pikipiki yake na hajawahi kuiacha fursa ipite bila kuipigia honi. Alikuja pia Theopista, mama mwenye duka la dawa muhimu pale sokoni. Huyu Gelasius alimwogopa tangu alipomwona anakaa kiti cha mbele na kuvaa miwani.

“Ndugu zangu,” Gelasius akaanza, mkono kwenye tai, “kampuni imeamka. Kuajiri wauzaji ni gharama: mshahara, likizo, bima, na kuugua kwao. Kwa hiyo kampuni sasa inakodi. Ninyi ndio mtakaokodiwa. Kila mmoja anapewa kanda yake, na dawa ikiuzwa kwenye kanda yake, kamisheni ni yake, awe macho awe usingizini.”

Neno usingizini lilipita uani na kumgusa kila mtu.

“Dawa zenyewe ziko wapi?” Theopista akauliza.

“Mama yangu, hilo ni swali la zamani,” Gelasius akasema kwa huruma. “Kampuni imefanya utafiti, ikagundua kwamba kinachochosha katika biashara ya dawa ni dawa. Zinaharibika, zinataka friji, zinataka vibali. Sisi tunashughulika na kuuza tu.”

Theopista akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Callixte akanyoosha mkono. “Mimi nikichukua kanda ya Litapunga mpaka Magamba, naruhusiwa kumkodi mtu anizungukie?”

“Ndiyo maana yake.”

“Naye akichoka, anamkodi mwingine?”

“Hakuna ubaya.”

“Sasa huyo wa mwisho kabisa ndiye anayeuza?”

“Huyo wa mwisho hatumjui,” Gelasius akasema. “Lakini kampuni inamheshimu sana.”

Watu wakaitikia kwa vichwa. Lilikuwa jibu la kisomi.

Likabaki suala la dhamana. Gelasius akasimama wima na kutangaza kwamba kampuni haipokei fedha mkononi kamwe, kwa sababu inapiga vita rushwa. Dhamana ya kanda ni mchele, mkavu, uliopepetwa, utakaolala kwenye ghala la mtani wake Luhende mpaka lori la kampuni lije kuuchukua. Na ili wasidhani anawacheka, yeye mwenyewe angetangulia kuweka wake.

Hiki kilikuwa chambo, na chambo kikiwa kidogo samaki wanakicheka. Gelasius alichukua akiba yake yote, ile nusu ya mashine, akanunua mchele, akaupanga ghalani mbele ya macho ya watu. Akayahesabu magunia mara mbili kama anayeyaaga. Lakini kesho yake wakaanza kuja: mkokoteni huu, pikipiki ile, mama na gunia kichwani. Kila aliyeleta alivishwa tai na kupewa kalenda. Luhende alikwenda na tai yake malishoni, na jirani zake wakasema sasa hata ng'ombe wanamwogopa. Mwishowe mchele ule ungetosha mashine nzima, na bati la kuiezekea, na benchi la wateja. Gelasius aliukodolea macho kila jioni kama bwana harusi.

Tajiri wa kununua alikuwa tayari Mpanda. Gelasius akakodi Fuso la Makoye, dereva wa pale pale Majimoto, na asubuhi moja vijana wakapakia ghala lote. Alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkono dirishani, anawapungia mawakala wake, ndipo vilio vilipoanza.

Wanawake walitoka nyumbani kwa Luhende mikono kichwani. Luhende mwenyewe alitoka amevaa kanga begani, tai ikiwa bado shingoni, akaja mpaka dirishani kwa Gelasius.

“Mtani, tumefiwa.”

“Masikini! Nani tena?”

“Mzee Ndaki. Ndugu wa marehemu baba. Amefia Bariadi, watamzika huko. Sisi tulio mbali tunaweka msiba hapa.”

“Poleni sana. Nikishusha mzigo Mpanda narudi mbio kuwapa mkono.”

Luhende akamtazama kama mtu aliyesikia tusi geni. “Unarudi? Mtani anaondoka msibani? Kazi yote ya msiba ni yako, mtani. Tumeikabidhi kwako.”

Gelasius akamgeukia dereva amwambie awashe gari. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Makoye alikuwa chini, anagaagaa na kulia, na ufunguo wa Fuso umening'inia kidoleni mwake.

Tuelewane alipokwama. Hakuna polisi aliyemzuia, hakuna kamba. Angeweza kusema maneno machache tu: mimi si Mzaramo. Lakini mtu aliyedanganya kabila lake ataaminika vipi kuhusu kampuni yake? Akivua utani, anavua na tai. Na mashine yake yote ilikuwa nyuma ya lile Fuso. Akashuka.

Theopista alikuwa anamngoja mlangoni, kanga kiunoni, ameshika mwiko.

“Pole na msiba, Bwana Pazi. Bahati nzuri mimi nilikaa Maneromango, kwenu kabisa, wakati nasomea kazi ya duka la dawa. Mila za watani wa Kizaramo nazijua zote. Ukisahau nitakukumbusha.”

Gelasius akajilazimisha kucheka. “Kumbe Maneromango!” akasema. “Dunia ndogo.”

“Ndogo sana. La kwanza unalijua: gari lenye chakula halipiti mbele ya msiba wa mtani.”

“Halipiti,” Gelasius akakubali.

“Na anayeshusha ni mtani mwenyewe. Kwa mabega yake.”

Basi alishusha. Vijana waliopakia walikaa kwenye mkeka wanamtazama kwa heshima ya mfiwa. Magoti yalilalamika, yakalia, yakanyamaza. Kila akidondosha gunia Luhende alisema “pole, mtani,” na wanawake wakaanza kulia upya. Jua lilipofika utosini Fuso lilikuwa tupu na shati la Gelasius linakamulika.

“La pili,” Theopista akasema, “mtani hapiki kwa mchele wa mfiwa. Anapika kwa wake. Wako si ule uliouweka wa kwanza?”

Gelasius akafungua mdomo kutafuta mila yoyote itakayomwokoa. Hakujua hata moja. Huo ndio ubaya wa kuiba kabila: hupewi maelekezo. Akatazama magunia yake, ile nusu ya mashine, yanafunguliwa moja baada ya jingine na kumiminwa kwenye sufuria kubwa. Luhende akachinja ng'ombe, maana na yeye si mchoyo. Watu walikuwa wengi ajabu. Wengine Gelasius hakuwahi kuwaona. Walishuka kwa pikipiki kutoka upande wa Nsimbo, wanaimba nyimbo za kanisa kwa sauti za kupangwa, wanalia kwa zamu, halafu wanauliza kama pilau imeiva.

“Mana weee!” Callixte alimlilia Mungu kwa Kirundi karibu na sufuria, akaonja chumvi.

Baada ya kula ikaja ya tatu. Mtani huvaa kama marehemu, huiga mwendo wake, na kueleza habari zake mpaka wafiwa wacheke, machozi yasikae na watu. Hii Gelasius aliwahi kuisikia, na moyo ukatulia kidogo. Kusema ndiyo kazi yake. Wakampa kofia na bakora.

“Mzee Ndaki nilimfahamu!” akaanza, sauti ile ya kanisani. “Wangapi mnajua kwamba tulikutana Pugu, alipoleta ng'ombe mnadani?”

Wafiwa wakatazamana. “Tusimulie,” Luhende akasema.

“Alinipigia kelele: wewe Mzaramo, usimtazame ng'ombe wangu, atakonda! Mwendo wake ulikuwa hivi.” Akachechemea.

“Mguu gani aliokuwa akichechemea?” mtu akauliza.

“Ilitegemea na siku.”

“Na kile kidole chake?” Theopista akauliza kwa huzuni.

“Kidole kile!” Gelasius akashika kifua. “Alinionyesha mwenyewe alivyokipoteza.”

“Ah, hakukipoteza. Alikuwa nacho cha ziada.”

“Ndiyo, alinionyesha cha ziada, akasema, Pazi, hiki kimekuja badala ya kile.”

Watu walianguka. Walicheka hadi wakashikana mabega, Makoye alitoka nje kupumua, bibi mmoja akaomba aachwe asije akafa naye wakapata msiba wa kweli. Gelasius hakulitilia maanani neno hilo. Alikuwa ameshika kasi. Alieleza namna Mzee Ndaki alivyokuwa akikohoa kabla ya kuingia nyumbani ili watoto wapate muda wa kuficha utundu wao. Namna alivyokuwa akigawa nyama, anajipa mfupa, anasema meno yake yanapenda mazoezi. Namna alivyomngoja mwanawe arudi kutoka safarini, anauliza kila lori linalopita.

Hapo sauti ikamkatika. Mzee yule hakuwa Ndaki. Alikuwa baba yake, wa Laela, aliyezikwa wakati Gelasius amejificha Tunduma kwa ajili ya viwanja vya mtoni, na habari ikamfikia mvua ilipokwisha kuotesha nyasi juu ya kaburi. Hakuwahi kumlilia. Hakuwa amepata nafasi. Sasa akaketi chini kwenye uwanja wa watu asiowajua, kofia ya mtu mwingine kichwani, akalia kama mtoto, kwa sauti, bila kujali tai.

Kisha mtu akapiga makofi, na wote wakafuata.

“Hiyo ndiyo kazi,” Callixte akasema. “Hata wale wangu hawafiki hapo.”

Ya nne ilikuwa ya mwisho. Mtani huwafuta wafiwa machozi, Theopista akaeleza, na kwa kuwa leso moja haitoshi, siku hizi hufuta kwa mchele. Wakapanga mstari. Gelasius, macho yamevimba, hakuwa na nguvu ya kubisha. Alimpa mkono kila mmoja na kila mmoja akajichukulia magunia yake. Bibi aliyeleta mchele kwa kichwa akauchukua kwa kichwa. Callixte akafunga yake kwenye pikipiki. Luhende akawaambia vijana wayarudishe yake ghalani, pale pale jirani. Hakuna aliyekosea gunia, na hapo ndipo Gelasius alipoanza kushuku.

Jua lilikuwa linashuka watu walipotawanyika. Pale uani palibaki masufuria yaliyokwanguliwa, Fuso tupu, na yeye. Theopista akamletea maji ya kunawa.

“Mama,” Gelasius akasema taratibu, “hii ya kufuta machozi kwa mchele, hata mimi sijawahi kuiona kwetu.”

“Wala mimi.”

“Lakini umekaa Maneromango.”

“Mimi? Mimi sijawahi kuvuka Tabora.”

Luhende akaja, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akaanza kulegeza tai yake. Hakuwa na hasira usoni. Mtu aliyenyimwa haki huwa na hasira, na yeye hakunyimwa kitu, alikuwa ameshiba.

“Uliingia kinyumenyume,” akasema. “Siku ile ya kwanza. Nilikuwa nakutania tu. Mzaramo wa kweli ningemwambia vile angenitukana mimi na ng'ombe wangu na aliyeniuzia ng'ombe, halafu angeingia na kukalia kiti changu. Wewe ukageuka. Ukamwomba radhi kuku! Nilicheka moyoni tu, mpaka ghala lilipojaa ndipo nikawaza, nikaenda kwa Theopista, nikamwambia, huyu si mtani, na kama si mtani, hiyo kampuni nayo nani kaiona?”

“Mbona hamkunipeleka polisi?”

“Mchele ukishakuwa kielelezo, ndugu yangu, unangoja kesi. Fukusi hawangoji. Na tungesemaje? Kwamba tumetoa mchele ili tulipwe tukiwa usingizini?” Akatazama pembeni. “Tulikuwa tumeshatoa tulipojua. Tukasema, mwache apakie, lakini mchele utashuka kwa mdomo wake mwenyewe.”

“Kwa hiyo Mzee Ndaki…”

“Hajawahi kuzaliwa,” Theopista akasema. “Kumfanyia msiba mtu aliye hai ni uchuro. Tukaona tutengeneze wetu.”

“Na wale waliolia?”

“Wenye mchele walilia bure, walikuwa na sababu. Wale wengine tumewakodi Litapunga. Kazi hiyo tulimpa Callixte, naye akamkodi mtu wa kuwakodi.”

“Mkawalipa nini?”

“Pilau,” akasema Theopista. “Walisema ilikuwa nzuri.”

Gelasius akayatazama masufuria. Mashine ya Laela ilikuwa imeliwa, imesifiwa chumvi, na mabaki yake yalikuwa yanagombewa na kuku. Luhende alimtazama, kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika:

“Lakini kitu kimoja hatukukielewa. Yale machozi ya mwisho. Yale hatukukodi. Ulikuwa unamlilia nani?”

“Baba,” Gelasius akasema. “Baba yangu mzazi. Alifariki sikuwepo. Sikumzika.”

Luhende akavua kofia. Msukuma hawezi kusikia neno hilo akabaki vilevile. Akajipapasa mifukoni, akatazama ghala lake, akaanza kuinuka. “Mtu aliyefiwa haondoki kwangu mikono mitupu,” akasema. “Ngoja nikupe hata gunia la njiani.”

“Luhende, kaa chini,” Theopista akasema, anakusanya sahani. “Baba yake naye pengine hajazaliwa.”

Gelasius akainua mkono aape. Akatafuta kiapo. Kwa Mungu alikuwa ameshaapa pale pale uani, juu ya kanda za mauzo. Kwa mama yake aliapia kamisheni. Kwa kaburi la baba yake, hilo alilitumia kumhakikishia Callixte kwamba lori la kampuni litakuja. Mkono ukabaki juu kidogo, halafu akaushusha. Luhende naye akakaa.

Callixte ndiye aliyempa lifti mpaka Kibaoni, kwa hisani tu, na njia nzima Gelasius, amebanwa kati ya dereva na gunia, alimsimulia habari za baba yake: jina lake, jembe lake, alivyokohoa mlangoni, wimbo alioupenda wa kanisani. Hakuongeza hata neno la uongo. Callixte alicheka mpaka akalazimika kusimamisha pikipiki na kufuta macho.

“Mzee, wewe una kipaji,” akasema alipopata pumzi. “Huyu umemtengeneza vizuri kuliko hata Ndaki.”